TUSIUE MITI YETU TUKIJENGA



Wote tunajua ule mti wa avoka karibu na madarasa mapya. Madarasa yale yana miaka mitatu tu. Leo matawi ya juu ya mti yamekauka, majani ni machache na ya manjano, na matunda ya mwaka huu yalikuwa madogo kama mayai ya kuku. Wengine wanasema mti umezeeka. Mimi nasema ni sisi tuliouharibu, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Wakati ule nilikuwa kapita wa darasa letu. Siku ya salongo wadogo waliniuliza: «Kapita, tuweke wapi hii mizigo?» Nikajibu: «Wekeni pale chini ya avoka, kuko kivuli.» Tukapanga pale matofali, mawe na mchanga. Simenti ikachanganywa palepale, kamio ikageukia palepale. Mimi nilifurahi tu, maana kazi iliisha mbele ya saa sita.

Nawaandikia somo hili kwa sababu likizo kubwa ikiisha wataanza kujenga labo pale penye gerevilea mbili, na mimi sitakuwa tena hapa.

1. MIZIZI IKO WAPI?

Wengi tunafikiri mizizi inashuka chini kadiri shina linavyopanda juu. Si hivyo. Kwa miti mingi, sehemu kubwa ya mizizi iko katika sentimeta 60 za kwanza za udongo, na inakwenda mbali kupita mwisho wa matawi. Mizizi minene inashika mti usianguke. Ile myembamba kama uzi ndiyo inayokunywa maji. Tena mizizi inapumua: inapata hewa katika nafasi ndogo zilizo ndani ya udongo.

2. NI NINI KINACHOUA MTI?

a) Uzito. Kamio na marundo ya matofali yanashindilia udongo, na zile nafasi zinazibwa. Hewa haipiti, maji hayapiti. Avoka ndio unaoteseka upesi, maana mizizi yake iko juujuu. Kurundika udongo juu ya mizizi kunaleta shida ileile.

b) Mtaro. Mtaro mmoja karibu na shina unaweza kukata mizizi ya upande mzima. Siku ya upepo mkali mti unaanguka, labda juu ya darasa.

c) Maji ya simenti. Ni makali kama chokaa, yanaunguza mizizi myembamba.

d) Jeraha la ganda. Chakula kinachotoka katika majani kinashuka mpaka kwa mizizi kwa kupitia ganda. Ukitoa ganda kuzunguka shina lote, mizizi inakufa njaa.

Lakini mti haufi siku ileile, kwa sababu una akiba. Unakauka pole pole, miaka na miaka. Mafundi wamekwisha kwenda, na hakuna mtu anayekumbuka matofali.

3. TUFANYE NAMNA GANI?

Uingereza wana kanuni ya kazi hii, BS 5837 ya mwaka 2012. Hesabu yake ni rahisi: pima upana wa shina kwa urefu wa metre 1,5 kutoka chini, kisha zidisha mara 12. Huo ndio umbali wa kulinda, pande zote za shina.

Sisi tunaweza kupima kwa kamba. Niliizungusha kwenye gerevilea kubwa, nikapata sentimeta 157. Ukigawanya kwa 3,14 unapata 50. Mara 12 ni sentimeta 600, maana yake metre 6. Basi:

– Tusimamishe ua wa miti na kamba kwa duara ile mbele ya kamio ya kwanza kuingia. Ua usiondolewe mpaka kazi iishe.
– Ndani ya ua hakuna matofali, hakuna simenti, hakuna moto, hakuna kuegesha gari.
– Mtaro wa maji upite mbali. Kama hakuna njia nyingine, tuchimbe kwa mkono, mizizi minene tuiache, bomba lipite chini yake.
– Tusipige misumari wala kukaza waya kwenye shina.

Mtu ataniuliza: «Je, kila mti lazima ubaki?» Hapana. Kama mti uko palepale pa kujenga ukuta, afadhali kuukata wazi na kupanda mwingine, kuliko kuuacha nusu mzima uje kuangukia watoto. Lakini jambo hilo liamuliwe kwa karatasi ya plani, si kwa shoka siku ya kazi.

Fundi atawaambia: «Watoto, huu mti uko na nguvu, hauogopi kitu.» Mjibuni kwa heshima, kisha mmpeleke akaone avoka.

MAULIZO
1. Kwa sababu gani mti hauonyeshi ugonjwa wake mara moja?
2. Shina lina sentimeta 94 kuzunguka. Ua utakuwa mbali metre ngapi?
3. Nani atashika kamba siku kamio itakapofika? Andikeni majina, mpe kapita mpya.

Mimi kapita wenu, darasa la mwisho.