Somo la Jikoni: Kumenya Vitunguu Vidogo



Katika sehemu hii ya Kiswahili ya gazeti letu wenzangu wamekwisha andika habari za safari, za michezo na za methali. Mimi leo nataka kuwafundisha kumenya vitunguu. Najua wako watakaocheka na kusema kwamba kijana wa miaka kumi na tisa, aliye karibu kufanya mtihani wake wa mwisho, angetafuta jambo kubwa zaidi la kuandika. Nawaomba hao wasome kwanza, wacheke baadaye. Katika jambo hili mna hesabu, mna kemia, mna elimu ya mimea, na tena mna karo za watoto wengi.

Kwa nini vitunguu vidogo?

Mama yangu hulima vitunguu katika mitelemko ya Mlima Elgon, hapa mashariki ya Uganda. Kwetu sisi kitunguu ndicho kalamu, ndicho daftari, ndicho nauli ya kuja shuleni. Mchuuzi ajapo na lori lake humwaga vitunguu chini na kuvichagua. Vilivyo vikubwa kama ngumi ya mtoto huingia guniani. Vilivyo vidogo kama yai la njiwa husukumwa kando kwa mguu. Mkulima hubaki na chungu ya vitunguu visivyo na mnunuzi, na mvua ikinyesha huoza.

Udogo huo si ugonjwa. Desturi miche ya vitunguu hupandwa kwa kuachiana sentimita 10 hivi. Ikisongamana zaidi, kila mmoja hukosa nafasi, maji na chakula cha udongo, na kitunguu hubaki kidogo. Kadhalika ukame ukija kabla ya kitunguu kujaa, hukomaa kikiwa kidogo vile vile. Lakini ukali wake, harufu yake na utamu wake vimo vyote.

Hata lugha zetu haziudharau udogo huo. Waganda hukiita kitunguu katungulu, na vikiwa vingi obutungulu, katika ngeli ile ile wanayotajia vitu vidogo. Hawakungoja kiwe kikubwa ndipo wakipe jina.

Basi, kama ni chakula kizuri, mbona majiko ya shule nyingi hayavitaki? Nilimwuliza mpishi wetu, naye akanijibu, “Mwanangu, nikianza kumenya hivyo, maharagwe yatawafikia usiku wa manane.” Nikasema, “Mzee, na kama ikipatikana njia ya upesi?” Akasema, “Nionyeshe, nami nitakuwa mwanafunzi wako.” Kabla ya kumwonyesha ilinibidi nijue kwanza kama maneno yake ni ya haki.

Hesabu yake

Tuchukue kitunguu kikubwa chenye kipenyo cha sentimita 6 na kidogo chenye sentimita 3, na tuseme kwamba vyote ni mviringo kama mpira. Kipenyo cha kikubwa ni mara 2 ya kidogo. Kwa hiyo ujazo wake ni 2 × 2 × 2, yaani mara 8, lakini eneo la ganda lake ni 2 × 2, yaani mara 4 tu. Maana yake, ili kupata chakula cha kitunguu kimoja kikubwa, hapana budi kumenya vidogo 8, na maganda ya hivyo 8 ni mara mbili ya ganda la kile kimoja. Mpishi wetu hakuwa mvivu. Alisema kweli.

Tena iko hasara iliyo mbaya kuliko hiyo ya wakati. Mtu mwenye haraka hukata kwa kisu ganda pamoja na nyama yake. Tuseme anaondoa unene wa milimita 3 kila upande. Kitunguu cha sentimita 6 hubaki na kipenyo cha 5.4, yaani 0.9 ya kwanza, na 0.9 × 0.9 × 0.9 ni 0.729. Amepoteza zaidi kidogo ya robo. Lakini kitunguu cha sentimita 3 hubaki na 2.4, yaani 0.8, na 0.8 × 0.8 × 0.8 ni 0.512. Amepoteza karibu nusu! Kama angeondoa ganda kavu peke yake, tuseme nusu milimita, angebaki na kipenyo cha 2.9, na hasara isingefika hata sehemu moja katika kumi.

Basi tumeona kwamba adui wetu ni kisu. Vitunguu vidogo yafaa vivuliwe maganda, visichongwe kama viazi.

Kitunguu kimejengwaje?

Ukipasua kitunguu toka juu hata chini utaona tabaka juu ya tabaka. Hizo ni sehemu za chini za majani, zilizonenepa kwa kuwekewa akiba ya chakula. Tabaka za nje zimekufa na kukauka zikawa ganda, ambalo kazi yake ni kuzuia maji yasitoke na uchafu usiingie. Shina lenyewe ni lile bamba dogo gumu lililo chini, mizizi inapotokea. Sisi huliita kitako. Tabaka zote zimeshikwa na kitako hicho, kama vile majani ya ufagio yanavyoshikwa na kamba. Ukikata kitako chote, kitunguu husambaratika. Ukikiacha, kitunguu hukaa kizima hata katika mchuzi unaochemka. Neno hili la kitako mlikumbuke, litatufaa mara mbili.

Njia yenyewe

1. Chagua kwanza. Minya shingo ya kila kitunguu. Kikiwa laini, au kikiwa na unga mweusi mwingi uliopenya ndani ya ganda, kitoe. Kimoja kilichooza huharibu harufu ya karai zima.

2. Kata ncha ya shingo kwa kisu kikali, kiasi cha kufungua mlango tu. Punguza nywele za mizizi, lakini kitako usikiguse.

3. Tia vitunguu katika kikapu au kitambaa chepesi, uvichovye katika maji yanayochemka sana. Hesabu polepole mpaka 60. Vikiwa na maganda mazito hesabu mpaka 90. Msitie vingi kwa mara moja, maana maji yatapoa. Afadhali mafungu madogo kwa maji hayo hayo.

4. Vitoe, uvitie mara moja katika maji baridi, ili visiendelee kuiva na vidole visiungue.

5. Shika kitunguu upande wa kitako kwa vidole viwili, uminye. Kitunguu kitateleza na kutokea mlango wa shingo, na ganda litabaki mkononi. Kikikataa, tia ncha ya kisu chini ya ganda na kuvuta mara moja.

Kwa nini ganda hukubali kutoka? Kwa sababu maji ya moto hulilainisha ganda lililokauka na kuingia kati yake na tabaka ya chini, hata gundi ya asili iliyozishika pamoja hulegea. Kwa muda wa dakika moja joto halijafika moyoni, kwa hiyo ndani kitunguu bado ni kibichi. Hapa ningependa wanafunzi wa fizikia wakumbuke jambo moja. Kila tupandapo mita 300 hivi, maji huchemka kwa joto lililopungua digrii 1. Shule yetu iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, basi maji yetu huchemka kwa digrii 96 hivi, wala si 100. Kwa kazi hii yatosha kabisa, lakini wenzetu wa milimani zaidi na waongeze kidogo hesabu yao.

Siku ya Jumamosi tulijaribu mbele ya mpishi na mwalimu wa zamu. Wanafunzi wanne walipewa kilo 2 na visu. Wanne wengine kilo 2, visu na sufuria ya maji yaliyokwisha chemka. Wa visu walimaliza kwa dakika 19 wakaleta kilo moja na robo. Wa maji walimaliza kwa dakika 10, wakaleta kilo moja na robo tatu. Mpishi aliyapima maganda yetu kwa mkono, akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Leteni lile gunia.”

Habari za machozi

Wengi huogopa vitunguu kwa sababu ya machozi, nao hudhani kwamba ni harufu tu. Sivyo. Kitunguu hufyonza salfa kutoka katika udongo na kuiweka akiba ndani ya seli zake. Katika seli hizo hizo, lakini katika chumba kingine, kimo kimeng'enya. Kitunguu kikiwa kizima vitu hivyo viwili havikutani. Kisu kinapopasua seli, kuta huvunjika, vinachanganyika, na mwishowe hutokea hewa kali inayoruka mpaka machoni. Mishipa ya fahamu ya jicho huhisi ukali huo na kuamrisha machozi yaje kuusafisha. Zamani wataalamu walidhani kwamba kimeng'enya kimoja tu hufanya kazi yote. Mwaka 2002 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba kiko cha pili, ambacho kazi yake ni kutengeneza hewa hiyo ya machozi.

Ukiisha kujua sababu, dawa zake hujitokeza zenyewe. Noa kisu, maana kisu butu huponda seli nyingi, na kikali hupasua chache. Kaa upepo ukivuma kutoka mgongoni kwako. Vitunguu vikiwa baridi vimeng'enya hufanya kazi polepole. Usijifute macho kwa mkono wenye maji ya kitunguu. Na juu ya yote, usipasue pasipo haja. Kitunguu kinachovuliwa ganda kikiwa kizima hakimlizi mtu. Kuweka kipande cha mkate mdomoni, kama wafanyavyo wengine, hakuzuii hewa hiyo kufika jichoni.

Kuvipika

Kwa maharagwe ya kula na posho, vipasue vipande viwili au vinne toka shingoni kwenda kwenye kitako, uvikaange katika mafuta kabla ya kitu kingine. Msiwe na haraka. Karibu sehemu 9 katika 10 za kitunguu ni maji, na maji hayo yakiwamo joto halipiti sana lile la kuchemka, kwa hiyo kitunguu hakigeuki rangi. Yakiisha kukauka, ndipo sukari yake inapoanza kuwa kahawia na harufu ile nzuri kutokea. Ukali nao hupungua, kwa kuwa joto huua vile vimeng'enya. Anayemwaga maji ya maharagwe juu ya vitunguu vilivyo bado vyeupe hujinyima utamu alioulipia.

Kwa mchuzi wa nyama au wa njugu, vitie vizima. Hapo ndipo vidogo vinapovishinda vikubwa. Kata alama ya msalaba isiyo ndefu katika kitako, ili joto liingie na moyo wa kitunguu usichomoke. Acha vichemke polepole. Kila mtu hupata kitunguu chake katika sahani, na hakuna ugomvi wa nani amepewa kipande na nani amepewa harufu.

Neno moja la tahadhari. Kitunguu kilichokwisha chovywa hakiwekeki tena kama kikavu. Chovyeni vya siku hiyo tu, na vilivyobaki vining'inizwe mahali pakavu penye upepo.

Maganda nayo

Maganda makavu yakichemshwa hutoa rangi ya manjano iliyokolea, ambayo hutumika kutia rangi nyuzi na vitambaa. Yaliyobaki yafukiwe katika shimo la mbolea. Lakini msimtupie mbwa vitunguu wala mabaki yake, wala msiwamwagie ng'ombe kwa wingi, kwa maana huharibu chembe nyekundu za damu zao.

Mwisho

Tangu siku ile jiko letu hununua gunia moja la vitunguu vidogo kila wiki kutoka kwa wakulima wa mlimani, kwa zamu. Mama yangu ni mmoja wao. Nasema wazi, mtu asidhani nimeficha. Bei yake ni nafuu kuliko ya vikubwa, kwa hiyo shule imeokoa fedha, na mkulima amepata mnunuzi wa kile alichokuwa akikiacha kioze. Kila shule ya bweni iliyo karibu na wakulima yaweza kufanya vivyo hivyo, kama ina wanafunzi wanane wasioona aibu kukaa jikoni nusu saa. Na wale wanaosema kazi hii ni ya wanawake, nawauliza swali moja tu: je, kula nako ni kazi ya wanawake?

Maswali kwa wenzetu wa kidato cha kwanza na cha pili

1. Kitunguu kina kipenyo cha sentimita 4. Ukiondoa milimita 2 kila upande, umepoteza sehemu gani ya chakula?
2. Kwa nini kitunguu kizima hakikutoi machozi?
3. Eleza sababu mbili za kutokukata kitako.
4. Shule iliyo mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, maji yake huchemka kwa digrii ngapi hivi?