Kodi ya Mshahara, Nisabu na Jibu Nililolikosea



Ndugu zangu, somo hili linatokana na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2023, wakati wa likizo, nilikuwa nyumbani Manibe. Mjomba wangu, mwalimu wa shule ya binafsi, aliniita baada ya Magharibi. Shuleni walitaka kumpa usimamizi wa masomo ya jioni, na mshahara wake upande kutoka shilingi 400,000 hadi 430,000 kwa mwezi. Yeye hakutaka.

"Nikipita 410,000 naingia kwenye asilimia 30," alisema. "Asilimia 30 ya 430,000 ni 129,000. Nitabaki na 301,000. Nifanye kazi zaidi nipate pungufu? Wewe mwanangu uliyesoma, waonaje?"

Nikamwambia, "Ni kweli, mjomba." Akaikataa ile kazi.

Sikujibu kwa kubahatisha. Kichwani mwangu nilikuwa na nisabu, kama wengi wetu tunaosoma fiqhi. Dirhamu 199 hazina zaka. Zikitimia 200 na mwaka ukapita, zinatoka 5, na hizo 5 zinahesabiwa juu ya zote 200, si juu ya ile moja iliyoongezeka. Mbuzi pia: 39 hawana kitu, 40 anatoka mmoja, 120 bado ni mmoja, 121 wanakuwa wawili. Nisabu ni mlango, ukiuvuka umeingia na mali yako yote. Mimi nikauchukua mlango huo nikaupachika kwenye kodi ya serikali. Qiyasi bila kuitazama illa, mwalimu wetu wa usuli angenitoa darasani.

Muhula ulipoanza nilimsimulia mwenzangu anayesoma uhasibu. Akacheka, kisha akachora jerikani nne kwenye daftari langu, zimepangwa kama tunavyozipanga kwenye bomba la maji. Mshahara ni maji. Unajaza ya kwanza, ikijaa ndipo maji yanakwenda ya pili, na kila jerikani ina kata yake.

Jedwali la PAYE lililoanza kutumika Julai 2012 linakwenda hivi kwa mwezi. Jerikani ya kwanza inabeba 235,000, na URA haigusi humo hata shilingi. Ya pili inabeba 100,000 zinazofuata, mpaka 335,000. Humo inachotwa asilimia 10. Ya tatu inabeba 75,000, mpaka 410,000, asilimia 20. Kinachozidi hapo kinaingia ya nne, asilimia 30. (Anayevuka milioni 10 anaongezewa asilimia 10 nyingine, juu ya kile kilichozidi milioni 10 tu.)

Sasa mjomba na 430,000 zake. Jerikani ya kwanza, hakuna. Ya pili, 10,000. Ya tatu, 15,000. Ya nne ina 20,000 tu ndani yake, na asilimia 30 ya hizo ni 6,000. Jumla ni 31,000, wala si 129,000. Angebaki na 399,000.

Kwa mshahara wake wa zamani wa 400,000 alikuwa anakatwa 10,000 na 13,000, yaani 23,000, akabaki na 377,000. Hii ndiyo iliyoniumiza zaidi. Kama kodi ingekuwa kama tulivyodhani, angekuwa tayari anakatwa asilimia 20 ya zote, yaani 80,000. Karatasi yake ya mshahara ilisema 23,000 kila mwezi. Jibu lilikuwa mfukoni mwake, na mimi sikuomba hata kuliona.

Kwa hiyo kwa PAYE, nyongeza haiwezi kukurudisha chini ya ulipokuwa. Ukiwa jerikani ya nne, kila 100 inayoongezeka unabaki na 70; hata mwenye zaidi ya milioni 10 anabaki na 60. NSSF nayo inachukua asilimia 5 ya mshahara, lakini hiyo ni akiba yako, na mwajiri anaongeza 10.

Isipokuwa kuna kodi moja inayoruka kweli kama nisabu: ile ya huduma za mitaa inayokusanywa na wilaya na miji. Hiyo ina kiasi maalumu kwa kila daraja la kipato, ukivuka daraja unalipa kiasi cha juu chote. Ila haizidi 100,000 kwa mwaka mzima hata kwa tajiri, basi si sababu ya kukataa kazi.

Mimi nina lawama na jedwali lenyewe. Mwalimu wa 450,000 na bwana mkubwa wa milioni 9 wanakatwa asilimia ileile kwenye shilingi yao ya mwisho. Ngazi tatu za chini zinakwisha haraka, halafu ni uwanja tambarare mpaka milioni 10. Lakini hayo ni ya kuwauliza wabunge wetu.

Likizo iliyofuata nilirudi Manibe na lile daftari. Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na mwalimu mwingine. Mjomba alizipitia hesabu mwenyewe kwa kalamu, mara mbili. Tofauti ni 22,000 kwa mwezi, 264,000 kwa mwaka, na ana binti yuko sekondari. Nilimwomba anisamehe. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama Jumamosi naweza kufika shuleni na zile jerikani zangu, maana kuna walimu wawili nao wanataka kukataa nyongeza.