Dada halali, na hachoki

SWALI: Daktari, dada yangu ana baipola na yuko kwenye dawa. Wiki hii analala kama masaa matatu tu. Saa tisa usiku namkuta jikoni anasugua sufuria, akiimba, na anasema hajachoka. Nimpe vidonge vya usingizi?

JIBU: Usimpe. Mpeleke kliniki kesho asubuhi, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Aliyekosa usingizi tu huamka hoi na kulalamika. Anayelala kidogo na bado ana nguvu tele, tena ana baipola, huenda anapandwa na mania, yaani msisimko wa kupita kiasi wa ugonjwa huo. Daktari atauliza kama ameruka dozi au ameanza dawa mpya, hasa ya sonona.

Na usingizi wenyewe usipuuzwe. Zamani sisi madaktari tulisema: tibu akili, usingizi utarudi wenyewe. Lakini mwaka 2017 Daniel Freeman wa Oxford na wenzake walichapisha jaribio la wanafunzi 3,755 wa vyuo vikuu 26 vya Uingereza, wote wenye shida ya usingizi. Waliofundishwa kwa intaneti kurekebisha usingizi walilala vizuri zaidi, na shuku zao na kusikia visivyokuwepo vikapungua pia. Hawakuwa wagonjwa wa wodini, lakini matokeo hayo si madogo.

Angalizo: mafunzo hayo huwa na zoezi la kupunguza muda wa kukaa kitandani. Kwa mwenye baipola laweza kuchochea mania, kwa hiyo lisifanywe bila mtaalamu.

Leo usiku zimeni taa mapema, simu yake ilale chumba kingine, kahawa asiguse. Dawa zake aendelee nazo.