Sentimita moja, nusu-toni moja: kuchora kiimbo kwa mkono

Katika rasimu ya kwanza ya kazi yangu ya masta niliandika kwamba, katika Kiswahili cha Lubumbashi, mwanamke anapouliza hupandisha sauti mara mbili kuliko mwanaume. Ushahidi ulikuwa grafu mbili za Praat, programu ya Boersma na Weenink wa Amsterdam ambayo wengi wetu tunaitumia. Sentensi ilikuwa moja, «Mama analala?», iliyosemwa na mama mkubwa na baba mkubwa. Sauti ya baba ilitoka herzi 100 ikafika 150. Ya mama ilitoka 200 ikafika 300. Hamsini kwa mia. Nani angebisha?

Mama mkubwa alibisha. Niliposikilizisha rekodi nyumbani, alicheka: «Lakini si tunaulizaka namna moja?» Nilinyamaza kwa heshima, huku nikiamini kompyuta.

Kisha umeme ukakatika siku tatu. Vipimo nilikuwa nimevinakili katika daftari, basi nikanunua karatasi za milimita na kalamu ya risasi. Nikakutana na swali ambalo kompyuta haikuwahi kuniuliza: sentimita moja ya mhimili wa wima ibebe nini? Programu ilikuwa imejichagulia herzi, nami nikapokea tu.

Sikio halihesabu herzi kwa kutoa, linasikia uwiano. Kutoka 100 hadi 200 ni oktava moja, na kutoka 200 hadi 400 ni oktava moja vilevile, ingawa ya pili ina herzi mara mbili. Oktava ina nusu-toni 12. Kwa hiyo nilipanga hivi: sentimita moja ni nusu-toni moja. Andika 100 chini kabisa, kisha kila sentimita zidisha kwa 1,0595: 106, 112, 119, 126, 133, 141, 150, 159, 168, 178, 189, na sentimita ya 12 ni 200. Sentimita ya 24 ni 400, na karatasi ya A4 iliyosimama inatosha. Kwenye mhimili wa mlalo, sentimita moja ni sehemu ya kumi ya sekunde. Nilitia nukta kila nusu sentimita.

Usiharakishe kuunganisha nukta. Ukichagua «Mama iko ku soko?», kila k, pamoja na s, itakata mstari, kwa sababu hapo nyuzi za sauti hazitetemi. Pengo hilo liache wazi. Anayelipitishia mstari anachora sauti ambayo haikutoka kinywani mwa mtu. Ndiyo maana «Mama analala» inafaa kuanzia: m, n, l na irabu zote zina mtetemo. Na ukiona nukta imeanguka sentimita 12 kamili chini ya jirani zake, rudi kwenye rekodi. Mara nyingi msemaji hakushusha sauti. Programu imegawanya kipimo kwa mbili. Kwenye skrini nilikuwa nimepita nukta mbili za namna hiyo bila kuziona. Kwa mkono huzipiti, maana kidole chenyewe kinashtuka.

Nilipomaliza, baba alikuwa amepanda sentimita 7. Mama, kutoka 12 hadi 19, alikuwa amepanda 7. Niliweka karatasi moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha, nikateremsha ya mama sentimita 12, na mistari ikalaliana karibu yote. Kurasa sita za rasimu zikafutika hapo dirishani.

Nimesema karibu yote. Baba anaanza kupanda kwenye silabi ya kabla ya mwisho, mama anangoja ya mwisho kabisa. Sentensi moja na watu wawili hawaniruhusu kuandika lolote juu ya hilo, kwa hiyo jioni hizi ninarekodi majirani. Mama mkubwa nimemweleza matokeo. Ameniuliza kama zile karatasi nilizinunua bei gani.