Kupanda kwa Akili: Kutoka Hanang Hadi Mlima Kenya

Baba mdogo alinipandisha Hanang mara ya kwanza. Alifariki tarehe 3 Desemba 2023, siku tope, mawe na miti viliposhuka kutoka mlima huohuo na kuua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani. Sasa wanachuo sita tunajiandaa kwenda Mlima Kenya, na nyumbani wananiuliza: mlima umemchukua, nawe bado unapanda?

Jibu langu ni maandalizi. Hanang ina mita 3,420. Unapanda na kushuka siku hiyohiyo, kwa hiyo inakupa miguu na pumzi tu. Kilele cha Lenana kina mita 4,985. Huko kila pumzi ina oksijeni karibu nusu ya ile ya pwani. Mwili huzoea kwa kulala juu, siyo kwa mbio.

Basi shika haya. Ukivuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Kila baada ya siku tatu au nne, pumzika. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikakushika, usiendelee kupanda. Ukiyumba, ukichanganyikiwa au ukihema ukiwa umekaa, shuka saa hiyohiyo, hata usiku.

Baba mdogo alizoea kusema kilele hakimdai mtu. Yeye tope halikumpa nafasi ya kugeuka. Sisi tunayo, ndiyo maana saa ya kugeuka tumeiandika kwenye ratiba.