DARSA LA RAMADHANI, SIKU YA 12: KIJANA UNAYEKWENDA ULAYA



Leo naongea na kijana. Wewe ambaye mzazi au ndugu yuko Ulaya anakuita, na baada ya Idi unaanza kufuatilia pasi na viza. Wazazi, someni naye.

Kwanza ondoa hofu. Watu watakwambia, "Unakwenda kuishi katikati ya wasio Waislamu, utapotea." Hivi hapa Mwazye umeishi katikati ya nani? Ufipa ni nchi ya misheni. Kengele ya kanisa umeisikia tangu utotoni, umekaa dawati moja na watoto wa Kikatoliki, mmelima pamoja, mmezikana. Kuwa wachache umeshazoea.

Tofauti iko hapa: Mwazye usipoonekana Ijumaa, mtu anauliza. Ukila mchana wa Ramadhani, hata jirani Mkristo anashangaa, "We si umefunga?" Huko hakuna wa kukuuliza. Mtu haachi dini kwa siku moja. Anaacha swala moja kimya kimya, kesho ya pili, na hakuna aliyegundua.

Mtoto wa hapa hapa Mwazye, Polycarp Pengo, aliyezaliwa mwaka 1944 na baadaye akawa Kadinali, alikwenda kusoma Roma. Kule alikuta watu wa dini yake mji mzima. Wewe msikiti itabidi uutafute. Basi shika haya manne:

*1. Jifunze saa za huko.* Kwetu jua halibadiliki sana, mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. London mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana haraka, nawe uko shule. Mwezi Juni linazama baada ya saa 3 usiku. Ramadhani nayo inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo utafunga siku fupi na miaka mingine siku ndefu mno. Pata ratiba ya msikiti wa mji wako, na likikutatiza jambo muulize imamu wa huko. Kibla pia kinageuka: hapa tunaelekea kaskazini, tukipinda kidogo mashariki, London utaelekea kusini-mashariki. Al-Kaaba ni ile ile.

*2. Tafuta wenzako wiki ya kwanza.* Usisubiri upweke ukukamate. Ukiwa mpweke utamfuata yeyote atakayekuchekea. Nenda Ijumaa, toa salamu, sema umetoka Tanzania. Watu wa msikitini watakuwa Waturuki, Wasomali, Wapakistani. Hao ni ndugu zako.

*3. Ukiulizwa, jibu.* Waislamu wa mwanzo walipokimbilia Habasha, nchi ya Wakristo, Maquraishi waliwafuata ili warudishwe. Wakaitwa mbele ya Najashi na maaskofu wake, wakaulizwa wanasema nini juu ya Nabii Isa. Wangeweza kuficha. Walikubaliana kusema kweli, Jaafar bin Abi Talib akasema kwa adabu, na mfalme akawalinda. Jaafar alikaa huko miaka mingi, akarudi na dini yake mwaka wa 7 Hijria. Nawe mwalimu akikuuliza kwa nini huli, mwambie umefunga. Usidanganye kwamba unaumwa tumbo. Na usigombane.

*4. Ukibanwa, sema.* Hili ndilo linaloumiza vijana wengi. Nyumbani wanatumiwa picha za theluji na viatu vipya, kumbe mtoto halali usiku. Anaona aibu, maana ndugu wameuza mahindi, pengine na ng'ombe, ili apate nauli. Mwanangu, aibu isikuue. Ukitukanwa kwa rangi yako, ukiharibikiwa shule, ukishawishiwa na jambo la haramu, au hata ukishateleza, piga simu. Mlango wa toba uko wazi kokote uliko.

Na nyie wazazi, akipiga simu msianze na "umetuma nini?" Anzeni na "umeswali? umekula? unalala?" Mkimkaripia mara ya kwanza, ya pili hatapiga.

Leo wakati wa kufuturu, kila mmoja amtaje kwa jina kijana mmoja aliye mbali. Ewe Mola, wahifadhi watoto wetu walio safarini, wape marafiki wema, na uwarudishe kwetu wakiwa na imani zao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie mzazi mwenye kijana anayejiandaa kusafiri.