Kufunga Chambo cha Manyoya kwa Trauti wa Mito Yetu

Mkulima aliyepewa shamba katika skimu za Kieni, kati ya Mlima Kenya na Nyandarua, mara nyingi ana mto wa baridi usio mbali na boma lake, na ndani ya mto huo mna samaki ambaye pengine hajamwonja hata siku moja. Samaki huyo ni trauti. Wako wanaosema kuwa ni samaki wa wageni wenye fito za bei kubwa, basi humwacha. Wako wengine ambao humtafuta usiku kwa wavu au kwa sumu, nao wakikamatwa hupoteza zaidi ya thamani ya samaki mia. Somo hili ni la njia ya tatu: chambo kinachofungwa nyumbani kwa unyoya wa jogoo, waya wa shaba na ndoana moja ndogo.

Kabla ya kushika ndoana, shika kibali. Kanuni za uvuvi wa trauti katika Kenya tangu zamani zimetaka mvuvi atumie ufito, mshipi na chambo cha bandia cha mfano wa nzi. Mnyoo, nyama, unga na wavu haviruhusiwi katika mito ya trauti. Sumu na baruti ni marufuku katika maji yote. Nenda kwa afisa wa samaki wa kaunti, umwulize bei ya kibali, samaki wangapi waruhusiwa kwa siku, na urefu gani ni mdogo mno hata samaki arudishwe majini. Mto ukiwa ndani ya mbuga ya Mlima Kenya au ya Aberdare, wenye mamlaka huko ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na ruhusa yao yatakiwa pia. Kuwa na shamba ukingoni mwa mto si kibali cha kuvua.

Trauti si mwenyeji wa nchi hii. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti wa rangi ya kahawia kutoka Loch Leven katika Scotland, wakatiwa katika mto Gura. Baadaye wakaja wale wenye utepe mwekundu ubavuni. Leo trauti wako katika Gura na Chania zitokazo Nyandarua, na katika Sagana, Thego, Ragati, Naro Moru na Burguret zitokazo mlimani. Wanataka maji ya baridi yenye hewa nyingi, ndiyo sababu hupungua kadiri mto unavyoshuka kwenye joto. Huko Kiganjo Serikali ina kituo cha kuzalisha vifaranga vyao.

Vijana waliotembea Naivasha huuliza juu ya chambo kiitwacho jigi. Hiki ni ndoana yenye kichwa cha risasi na mkia wa nywele au manyoya, nacho hurushwa kwenye maji yaliyotulia na kurushwarushwa karibu na chini. Wamarekani hukipenda sana kwa samaki besi, na besi wa Naivasha, ambao asili yao ni Marekani, hukiuma vizuri. Lakini katika mito yetu hakifai. Kwanza kanuni hazikikubali. Pili, mito ya mlimani imejaa mawe, na risasi ikizama hunasa kati ya mawe mawili, ukapoteza ndoana na mshipi pamoja. Tatu, risasi ni sumu kwa bata na ndege wa majini, na moshi wake wakati wa kuyeyushwa ni sumu kwa watoto wanaoota moto jikoni. Wala mtu asichukue besi wa Naivasha akamtia mtoni au katika bwawa la skimu. Besi mmoja mkubwa hula vifaranga wa perege wa jirani wote, naye jirani hatajua ni nani aliyempa hasara.

Hata hivyo maana ya jigi ni nzuri, yaani uzito uwe ndani ya chambo chenyewe, si katika chubwi iliyofungwa mbali. Maana hiyo twaweza kuipata kwa njia iliyo halali.

TAZAMA CHINI YA JIWE

Mwalimu hafundishi hesabu kabla ya mtoto kujua kuhesabu vidole. Vivyo hivyo, usifunge chambo kabla hujajua trauti anakula nini. Nenda mtoni mchana, mahali maji yanapopita kwa kasi na kina chake ni cha magoti. Inua jiwe la ukubwa wa mkate, uligeuze upesi. Utaona wadudu wembamba, wa rangi ya kahawia au kijani iliyofifia, wana mikia miwili au mitatu kama nywele, nao hukimbilia upande wa giza. Hao ndio watoto wa wale wadudu wenye mbawa wanaoruka juu ya maji jioni. Utaona pia mdudu aliyejijengea nyumba ya changarawe na kuishi ndani yake, na pengine kaa mdogo.

Mdudu akiteleza kwenye jiwe huchukuliwa na mkondo, na trauti amekaa nyuma ya jiwe kubwa, uso wake ukielekea kule maji yatokako, akingoja hao wanaochukuliwa. Haendi kuwinda mbali. Mkondo humletea chakula kama vile gari la maziwa lipitavyo njia yake kila asubuhi.

Chukua mdudu mmoja umweke katika kifuniko cha chupa chenye maji. Weka ndoana yako kando yake. Wengi watashangaa kuona jinsi mdudu alivyo mdogo. Ndoana zinazouzwa madukani kwa samaki wa ziwani ni kubwa mno kwa kazi hii. Tafuta namba 12 au 14, na kumbuka kuwa hapa namba ikizidi, ndoana hupungua.

VIFAA

Waya wa shaba mwembamba kama unywele hupatikana ndani ya mota mbovu, dainamo ya baiskeli au redio iliyokufa. Fundi wa redio wa sokoni atakupa mita nyingi kwa bei ndogo. Unyoya uwe wa mkia wa jogoo mwekundu au wa kahawia, au wa bata mzinga. Usiue ndege wa msituni kwa ajili ya unyoya. Uzi wa cherehani wafaa ukipakwa nta ya nyuki. Wembe, na koleo ndogo ya fundi.

Wafungaji wenye mali wana jiliwa la kushikilia ndoana. Sisi tutashika pindo la ndoana kwa mdomo wa koleo, kisha tuzungushe mpira wa tyubu ya baiskeli katika mikono ya koleo mpaka ikaze yenyewe. Koleo hiyo ifungwe kwenye ubao wa meza, mikono yako yote miwili ibaki huru. Kwanza kabisa, bonyeza chembe ya ndoana mpaka ilale. Samaki mdogo utakayemrudisha hatapasuka mdomo, na ndoana ikiingia kidoleni mwako itatoka bila kwenda hospitali.

KUFUNGA CHAMBO CHA SHABA

Chambo hiki kilivumbuliwa na Frank Sawyer, mtunza mto Avon huko Uingereza, ambaye mwaka 1958 alitoa kitabu juu ya namna hii ya uvuvi. Yeye alitumia vitu viwili tu, unyoya wa mkia wa ndege wa kwao na waya wa shaba. Hakutumia hata uzi. Nakipenda kwa sababu hakuna cha kununua ila ndoana.

Anza karibu na tundu la ndoana. Zungusha waya kuelekea nyuma, mzunguko ukigusa mzunguko, mpaka ufike juu ya pindo. Rudi mbele. Katika sehemu ya tatu iliyo karibu na tundu, rudia mara tatu au nne hata pawe na nundu. Nundu hiyo ndiyo kifua cha mdudu, na ndiyo uzito wenyewe. Acha nafasi ndogo nyuma ya tundu. Mwanafunzi akijaza waya mpaka tunduni, hatapata mahali pa kumalizia wala pa kupitisha mshipi.

Rudisha waya nyuma hadi pindoni. Sasa ng'oa nyuzi nne za unyoya, uziweke ncha zake sawasawa, uzifunge kwa waya mizunguko miwili ili ncha zitokeze kwa urefu wa punje ya mpunga. Hiyo ni mikia. Mikia ikiwa mirefu, chambo huonekana kama kuku aliyenyeshewa.

Hapa ndipo penye kazi. Sokota nyuzi za unyoya pamoja na waya, taratibu, viwe kamba moja, kisha uizungushe kamba hiyo kwenda mbele mpaka tunduni. Waya utaulinda unyoya, maana trauti ana meno madogo makali na unyoya mtupu hauwezi kuvumilia samaki wawili. Ukifika tunduni, tenga nyuzi na waya. Zungusha waya peke yake kurudi nyuma ya nundu. Lalisha nyuzi juu ya nundu kwenda nyuma, zifunge, peleka waya mbele, zilalishe tena kwenda mbele, zifunge nyuma ya tundu. Mgongo wa mdudu umepatikana. Maliza kwa mizunguko mitatu, kata waya kwa koleo kuukuu, wala si kwa wembe.

Cha kwanza kitakuwa kibaya. Cha tano kitavua samaki.

Chambo cha pili ni cha uzi. Paka nta uzi wa rangi ya machungwa, funika mti wa ndoana kwa safu moja tu, kisha zungusha mara mbili unyoya laini wa shingo ya kuku jike, mfupi, ukitandaza nyuzi zake kama miguu ya buibui. Unyoya wa jike hulegea majini na kuchezacheza, ndiyo sababu tunautaka kwa chambo cha kuzama. Unyoya wa shingo ya jogoo ni mkavu na mgumu, nao hufaa chambo cha kuelea jioni wadudu wanaporuka.

MTONI

Ufito wa mwanzi uliopandwa nyumbani, urefu wa futi kumi au kumi na moja, ukauke kivulini mwezi mzima. Gurudumu la mshipi si lazima. Wavuvi wa milima ya Japani tangu zamani hufunga mshipi kwenye ncha ya ufito, urefu wake kama ufito wenyewe, mwisho wake pakiwa na chambo cha manyoya. Kwa mto mwembamba kama Ragati njia hiyo yatosha. Mwisho wa mshipi uwe nailoni nyembamba ya urefu wa futi tatu.

Nenda ukipanda mto, si ukishuka. Kwa kuwa trauti ameelekea juu, utakuwa nyuma yake. Chuchumaa. Kivuli chako kikianguka majini, ondoka uende kidimbwi kingine, hapo hapana kazi tena. Tupa chambo mbele juu ya mkondo, kianguke kando ya jiwe, kisha ukiache kije chenyewe kwa mwendo wa maji. Chambo kinachoburutwa kuvuka mkondo hakifanani na mdudu yeyote. Tazama pale mshipi unapoingia majini: ukisimama, au ukienda kando kidogo, inua ncha ya ufito polepole. Usivute kama mtu anayeng'oa kiazi. Wengi huvunja nailoni hapo.

Asubuhi na jioni ni bora kuliko adhuhuri. Katika mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, mto ukiwa mwekundu kaa nyumbani. Karibu na msitu usiende peke yako, maana nyati na tembo hunywa maji yale yale, na kelele za mto huwazuia wasikusikie.

Wekundu huo wa mto una maneno yake. Trauti hutaga katika changarawe safi, na maji lazima yapite kati ya mawe ili mayai yapate hewa. Udongo wa shamba lililolimwa hadi ukingoni hushuka na kuziba changarawe. Mayai hufa, na wale wadudu wa chini ya jiwe hufa pia. Mwenye viazi ukingoni hupoteza udongo wake wa juu mara moja, na samaki wake mara ya pili. Acha ukanda wa majani na miti kando ya maji. Majani ya matete na nepia yatakatwa kwa ng'ombe, kwa hiyo ardhi hiyo haikupotea.

Mwenye mkono mwepesi aweza kupata senti kwa kazi hii. Kenya ina viwanda vinavyofunga vyambo vya manyoya kwa ajili ya wavuvi wa Ulaya na Marekani, na wafungaji wengi ni wanawake. Wageni wanaokuja kuvua Nyeri na Nanyuki nao hununua, lakini hutaka dazeni iliyo sawasawa, ya kwanza na ya kumi na mbili zisitofautiane. Basi funga namna moja mpaka uijue, ndipo uanze nyingine.

Ukirudi kutoka mtoni, usifungie vyambo vibichi katika kopo. Vichome kwenye kipande cha blanketi, uvianike mbali na moto, maana kutu huanza usiku ule ule. Unyoya ukichakaa, ukate kwa wembe ufunge upya juu ya waya ule wa zamani. Ndoana moja yaweza kufungwa mara tatu au nne, ilimradi ncha yake bado inashika ukiikokota juu ya ukucha wa kidole gumba.